Maji ya chumvi, kujifukiza, nebulaiza au subira: kipi kinazifaa silia zilizopigwa na mafua?

Mtu akishikwa na mafua hakosi washauri. Mmoja atamwambia apandishe maji ya chumvi puani. Mwingine atainjika sufuria ya mchaichai na majani ya mwarobaini, kisha amfunike blanketi gubigubi. Wa tatu ana mashine ya nebulaiza, inayogeuza dawa kuwa ukungu wa kuvutwa, kabatini tangu mwanawe alipolazwa kwa kifua, na yuko tayari kuiazima. Wa nne hana dawa yoyote: kunywa uji, lala, itapita. Wote wanne wana hoja, ila kila mmoja anahudumia sehemu yake ya njia ya hewa. Anayechagua bila kujua shida imekaa wapi huishia kupeleka mvuke kwenye kifua usikofika, au kuosha pua isiyo na kosa.

Kwa hiyo tuanze na kinachoumia, ndipo tulinganishe.

Silia, na virusi vinavyozivamia

Kuanzia ndani ya pua, kushuka bomba la hewa hadi kwenye mirija midogo ya mapafu, ukuta wa njia ya hewa umejaa seli zenye vinywele vidogo mno viitwavyo silia. Seli moja hubeba silia zipatazo 200, na kila silia ina urefu wa mikromita 5 hadi 7. Ukizisimamisha 150 moja juu ya nyingine ndipo unakaribia milimita moja. Hupiga mara 10 hadi 15 kwa sekunde, kwa mawimbi, kama shamba la mpunga linalopitiwa na upepo. Juu yake umetanda ute unaonasa vumbi na vijidudu. Chini ya ute, kuzizunguka silia zenyewe, kuna majimaji mepesi. Silia zinausukuma ute kuelekea kooni kwa milimita chache kila dakika, nasi tunaumeza bila habari. Daktari akitaka kupima mwendo huo huweka chembe ya sakarini ndani ya pua. Mwenye afya huonja utamu ndani ya dakika 20 hivi. Zikipita 30, kuna kitu hakiendi.

Majimaji hayo ya chini si maji matupu. Yana nyuzi za ute zilizofungamana na silia, zikasongamana kama brashi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 katika jarida la Science ulionyesha kwamba brashi hiyo huzuia chembe zinazozidi upana wa takriban nanomita 40. Rinovirusi, chanzo kikuu cha mafua ya kawaida, ina nanomita 30 tu. Influenza na korona zina kama 100, kwa hiyo zinahitaji ujanja. Influenza imebeba mkasi wake, kimeng'enya cha neuraminidasi, kinachokata sukari za ute zinazoinasa. Korona hupanda silia: kipokezi chake, ACE2, kimo juu ya silia zenyewe, na kirusi hujishika hapo kikashuka hadi kwenye mwili wa seli. Mwaka 2023 timu ya Peter Jackson wa Chuo Kikuu cha Stanford ilionyesha kwamba seli za pua zilizoondolewa silia katika maabara ziliambukizwa kwa shida. Yaani fagio lile lile la kufagia uchafu ndilo ngazi ya mwizi.

Vikishaingia, virusi havifanani tabia. Rinovirusi huambukiza seli chache na kuacha ukuta karibu mzima. Kero kubwa ya mafua ya kawaida hutokana na mwili wenyewe kuvimba na kutiririsha makamasi. Influenza huziua seli zenye silia na kuzibandua, ukuta ukabaki kama ukumbi ulioezuliwa. Korona inaweza kuiacha seli hai lakini silia zake zikafupika na kupotea. RSV, adui wa watoto wachanga, huzifanya seli zenye silia zijae, zijitenge na wenzake, kisha zidondokee ndani ya mrija. Kwa mtu mzima hayo ni makohozi. Kwa mtoto wa miezi miwili, ambaye mirija yake ni myembamba kuliko ujiti wa kiberiti, hiyo ni kizibo.

Silia zikisimama, ute unaganda mahali pake. Hapo mwili unaita kibarua cha akiba, yaani kikohozi: kinachoshindwa kufagiwa kinapulizwa kwa nguvu. Wakati huo seli za msingi zilizo chini ya ukuta huzaa seli mpya na kuziotesha silia. Kwenye vyombo vya maabara kazi hiyo huchukua kama wiki 3 hadi 4, na ndiyo maana kikohozi kinaweza kuendelea muda mrefu baada ya homa kwisha na kirusi kuondoka. Hakuna hata kimoja kati ya vitu vinne tunavyolinganisha kinachootesha silia. Vinachoweza kufanya ni kuziosha, kuzilowesha, au kuziacha zipumue.

Vigezo

Tutauliza maswali yale yale kwa kila njia. Inafika wapi: puani, kwenye bomba la hewa, au kwenye mirija midogo? Inafanya nini hasa kwa ute na kwa silia? Inafanywaje, kwa vipimo? Inaharibikia wapi? Ushahidi wake una uzito gani, na inamfaa nani? Gharama tutaitaja inapobadilisha uamuzi. Maji ya chumvi na mvuke vinapatikana kwa yeyote mwenye jiko. Nebulaiza si hivyo.

Kusafisha pua kwa maji ya chumvi

Yanafika puani na nyuma ya pua, basi. Hayafiki kifuani, na anayekohoa kwa mirija ya chini hatapata nafuu ya kifua hapa, isipokuwa kikohozi chake kinatokana na makamasi yanayochuruzika nyuma ya koo. Ndani ya eneo hilo lakini yanafanya kazi ambayo silia zilizolala haziwezi: yanabeba ute, virusi na seli zilizokufa kwa mkondo, bila kuhitaji pigo hata moja la silia. Chumvi ikizidi kidogo ile ya mwilini, huvuta maji kutoka kwenye ukuta na kuulainisha ute mzito.

Kipimo ndicho kiini cha mambo. Chumvi sawa na ya mwili ni asilimia 0.9, yaani gramu 9 kwa lita moja ya maji. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina kama gramu 6, kwa hiyo nusu lita inahitaji robo tatu ya kijiko. Asilimia 2, kwa wenye makamasi mazito, ni gramu 10 kwa nusu lita, yaani kijiko kimoja na theluthi mbili. Wengine huongeza magadi ya kuokea, nusu ya robo ya kijiko, kupunguza mchomo. Chumvi isiyo na madini joto huwasha kidogo kuliko yenye nayo. Usipoipata, ya jikoni inafaa.

Usifikirie kwamba chumvi nyingi ni dawa kali. Mwaka 1999 watafiti wa Uholanzi waliziweka silia katika maji ya chumvi ya viwango tofauti. Katika asilimia 7 zilisimama ndani ya dakika chache, zikarudi zilipooshwa. Katika asilimia 14.4 zilisimama zisirudi tena. Hata ya 0.9 ilizipunguza mwendo kwa kiasi. Maji ya bahari, yenye asilimia 3.5 hivi, hayajafika huko lakini yanachoma, na ya ufukweni karibu na mji yana mengine yasiyohusiana na chumvi.

Maji yenyewe yachemshwe yatokote kwa dakika 1 kamili. Anayeishi juu ya mita 2,000, mathalani Eldoret au Limuru, achemshe dakika 3, kisha yapoe yakiwa yamefunikwa. Hili si la kupuuza. Maji ya bomba unayoweza kunywa bila shida yanaweza kubeba amiba aitwaye Naegleria fowleri, ambaye tumboni hafanyi kitu lakini akipandishwa puani hupanda hadi ubongoni, na wachache mno hupona. Mwaka 2011 watu wawili wa jimbo la Louisiana, Marekani, walikufa baada ya kusafisha pua kwa maji ya bomba. Karachi, Pakistan, imekuwa na vifo vya aina hiyo kwa watu ambao wengi wao hawakuwa wameogelea popote, na shaka ikaangukia maji yanayopandishwa puani wakati wa kutawadha. Ni ugonjwa adimu sana. Ila kinga yake ni dakika moja ya moto. Maji ya chupa ya dukani huenda hayajauliwa vijidudu, na maji ya betri hayahusiki kabisa. Asiyetaka kupima anunue chupa ya dripu ya chumvi ya 0.9 duka la dawa, achomoe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, na kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe.

Mtu mzima hutumia mililita 100 hadi 120 kila tundu, vuguvugu kama maziwa ya mtoto. Inama juu ya sinki, laza kichwa upande, fungua mdomo na upumue kwa mdomo, kisha mimina polepole kwenye tundu la juu hadi yatoke la chini. Geuka. Baada ya hapo inama mbele kama anayerukuu, ugeuze kichwa kulia na kushoto, ndipo upenge taratibu tundu moja moja. Mara moja hadi tatu kwa siku zinatosha.

Makosa yanajirudia. Maji yakisukumwa kwa nguvu, au ukipenga matundu yote mawili kwa pamoja, shinikizo linaingia kwenye mrija wa sikio na sikio linauma au kuziba. Maji ya baridi huumiza kipaji. Ukisahau chumvi yanachoma kama uliyemeza maji mtoni. Na usipoyamaliza kuyatoa, yatakudondoka saa moja baadaye ukiwa kwenye sijida au ukiokota kalamu mbele ya watu.

Ushahidi ni mzuri kuliko wa njia nyingine kwa mafua ya kawaida, ingawa tafiti zenyewe si kubwa zote. Jaribio la Edinburgh lililochapishwa 2019, lenye watu wazima 66, lilipata kwamba waliosafisha pua na kusukutua kwa maji yenye chumvi kuzidi ya mwili waliugua siku 1.9 pungufu, na walioambukizwa nyumbani mwao walipungua kwa asilimia 35. Maelezo yaliyotolewa na watafiti hao yanavutia: seli za ukuta huweza kutumia kloraidi ya chumvi kutengenezea asidi ya hipoklorasi, kitu kile kile kinachoua vijidudu katika dawa ya kufulia nguo nyeupe, kwa kipimo kidogo cha seli.

Kwa mtoto mchanga hakuna kumwagia. Ni matone 2 au 3 ya chumvi ya 0.9 kila tundu, dakika chache kabla ya kunyonya na kabla ya kulala, kisha makamasi yaliyolainika yafutwe au yavutwe kwa kipira cha kufyonza makamasi. Mtoto wa umri huo hutegemea pua kupumua. Pua ikiziba hawezi kunyonya, na hapo matone matatu yanafanya kazi kubwa kuliko dawa nyingi za chupa. Asiyepaswa kabisa ni mwenye sikio lililotoboka au aliyefanyiwa upasuaji wa pua au sikio karibuni bila daktari wake kuridhia.

Kujifukiza

Hii ndiyo njia yenye wapenzi wengi na mabishano mengi, hasa tangu mwaka 2020, viongozi wa Tanzania walipoipigia debe wakati wa UVIKO-19 na vibanda vya mvuke vikawekwa hata hospitalini. Ubishi ulikuwa juu ya kama mvuke unaua korona mwilini. Jibu ni hapana: joto la kukifikia kirusi kilicho ndani ya seli lingeiua seli kwanza. Ila swali la kama mvuke unamsaidia mgonjwa lilisahaulika katikati ya kelele, nalo ni swali halali.

Mvuke unafika puani, mdomoni na kooni. Ukigusa ukuta wenye joto la mwili unageuka matone palepale, kwa hiyo haushuki hadi mirija midogo, hata mtu avute kwa nguvu gani. Kazi yake ni kulowesha ute uliokauka na kutuliza koo. Wazo la unyevu lina msingi: mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliwaambukiza panya influenza, na waliokaa kwenye hewa kavu waliugua vibaya zaidi, ute wao ukienda taratibu, kuliko waliokaa kwenye unyevu wa asilimia 50. Lakini hewa kavu kiasi hicho ni ya nyumba zinazopashwa moto majira ya baridi kule Ulaya na Marekani ya Kaskazini. Mtu wa Tanga au Mombasa, anayeishi ndani ya unyevu mwaka mzima, hana upungufu huo wa kujazia. Tathmini za majaribio ya hewa ya moto yenye unyevu kwa mafua hazikupata faida ya uhakika; wengine walipata nafuu ya muda, wengine hawakuona tofauti.

Na majani? Mkaratusi, mchaichai na mentholi humfanya mtu ahisi pua imefunguka kwa sababu harufu zake, hasa ya mentholi, huamsha neva za baridi puani. Wakipima hewa inayopita, mara nyingi imebaki ile ile. Si haba, mgonjwa anayelala kwa kuhisi anapumua amepata kitu. Lakini isihesabiwe kuwa uchafu umetoka. Kwa mwenye pumu harufu kali zinaweza kubana kifua, na kafuri isipakwe ndani ya pua wala kwa mtoto chini ya miaka 2, kwani akiimeza inaweza kumletea degedege.

Atakayejifukiza afanye hivi. Chemsha maji lita 1 hadi 2, ondoa motoni, yaache dakika 5. Weka chombo kizito kipana mezani, si mapajani na si kitandani. Kaa uso ukiwa kama sentimita 30 juu yake, macho umefumba, taulo kichwani likiwa na upenyo. Dakika 5 hadi 10 zinatosha; ukisikia uso unaungua umesogea mno. Silia hupenda joto la mwili na huongeza kasi kidogo linapopanda, lakini likizidi sana nyuzi 40 zinaanza kulegea.

Kinachoharibika hapa si silia sana, ni ngozi. Sufuria inapinduka. Watoto ndio wahanga wakuu wa kuungua kwa maji ya kujifukiza, na kwao jibu ni moja: wasifukizwe kwa sufuria kamwe, hata wakishikiliwa. Bafu lililofungwa mlango likamwagwa maji ya moto ukutani, mtoto akiwa mikononi mwa mzazi mbali na maji, linatoa unyevu ule ule. La pili ni jiko la mkaa kuingizwa ndani ya blanketi au chumba kilichofungwa ili maji yasipoe: hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu, na inaua. La tatu ni kizunguzungu kwa wajawazito, wazee na wenye maradhi ya moyo wanaofunikwa muda mrefu.

Inamfaa mtu mzima mwenye koo kavu na pua nzito, anayeipenda, mwenye meza imara. Nafuu yake ni ya saa chache.

Nebulaiza ya maji ya chumvi

Kati ya njia tatu zenye chombo, hii pekee ndiyo inayoshuka kifuani. Mashine hupasua maji kuwa chembe za mikromita 1 hadi 5, ndogo kiasi cha kupita kona za pua na koo bila kugonga ukuta. Huko chini maji ya chumvi ya asilimia 0.9 hulowesha tu; ya asilimia 3 au 7 huvuta maji kutoka kwenye seli, yakarudisha kina cha yale majimaji mepesi ambamo silia hupigia. Kwa wenye ugonjwa wa sistiki faibrosisi, ambao tatizo lao la kuzaliwa ni ukavu wa majimaji hayo, mililita 4 za asilimia 7 mara mbili kwa siku ni tiba iliyothibitishwa tangu tafiti za mwaka 2006.

Kutoka hapo watu wamerukia mafua ya kila mtu, na huko ushahidi unakonda. Hata kwa bronkiolaitisi ya RSV, yaani uvimbe wa mirija midogo ya mapafu kwa watoto wachanga, ambako ungetarajia mafanikio, wataalamu hawakubaliani: mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka 2014 unaruhusu asilimia 3 kwa mtoto aliyelazwa na kuikataa kwenye chumba cha dharura, ilhali mwongozo wa Uingereza unasema isitumike. Sababu inaeleweka ukirudi kwenye kilichoziba mrija: ni mabonge ya seli zilizodondoka na uvimbe wa ukuta, wala si ute mkavu peke yake.

Matumizi: mililita 3 hadi 4 za chumvi iliyouliwa vijidudu, kutoka kwenye kichupa cha dozi moja, mashine ya hewa ya lita 6 hadi 8 kwa dakika, dakika 5 hadi 10, mgonjwa amekaa wima anapumua taratibu. Kama mililita 1 hubaki kwenye kikombe bila kugeuka ukungu. Hiyo imwagwe, isiongezewe dozi mpya juu yake. Barakoa iguse uso. Ikiachwa sentimita chache mbele ya mtoto anayelia, dawa nyingi inaishia hewani.

Makosa makubwa ni matatu. Kwanza, maji ya chumvi ya jikoni: yaliyofaa pua hayafai mapafu, kwa kuwa hapa unavipeleka vijidudu moja kwa moja kwenye kina. Pili, kikombe kisichooshwa. Baada ya kila matumizi kioshwe kwa sabuni, kisuuzwe kwa maji yaliyochemshwa, kikaushwe kikiwa wazi juu ya kitambaa safi. Na kama mtengenezaji anaruhusu, kichemshwe mara moja kwa siku. Kuazimana mashine ni kuazimana makohozi, isipokuwa kikombe, mpira na barakoa vibadilishwe. Tatu, chumvi kali kwa mwenye pumu: inaweza kuubana mrija ghafla, ndiyo maana hospitalini hutanguliza salbutamoli, dawa ya kutanua mirija, na kusubiri. Na kumbuka, mgonjwa mwenye kirusi anayetumia nebulaiza sebuleni anaijaza hewa ya sebule. Dirisha liwe wazi na wengine wakae mbali.

Inamfaa aliyeandikiwa na daktari kwa ugonjwa wa mirija wenye jina. Kumiliki mashine si sababu ya kuitumia.

Subira yenye utaratibu

Hii hudharauliwa kwa kuwa haina chombo. Lakini ndiyo njia pekee inayofika kila mahali, kwani inafanya kazi kwa kuziacha seli za msingi ziote upya bila kubughudhiwa, na kwa kukilinda kikohozi wakati silia hazipo kazini.

Utaratibu wake una mambo machache. Moshi kwanza. Moshi wa kuni, mkaa na sigara huzilemaza silia hata kabla ya kirusi kufika, na mgonjwa anayepika juu ya mafiga katika jiko lisilo na dirisha anabomoa usiku kilichojengwa mchana. Kumhamishia mtu mwingine zamu ya jikoni kwa wiki mbili kunaweza kumfaa kuliko chochote kilichotajwa hapo juu. Kunywa kiasi cha mkojo kuwa mweupe. Kujaza tumbo maji zaidi ya hapo hakuuongezei ute wepesi. Asali hupunguza kikohozi cha usiku: nusu hadi kijiko kimoja cha chai kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, kabla ya kulala, vijiko viwili kwa mkubwa. Chini ya mwaka 1 asali ni marufuku, kwa hatari ya botulizimu, sumu ya bakteria inayolegeza misuli.

Inaharibika pale subira inapoingiliwa na dawa za dukani. Dawa za kuzima kikohozi kinacholeta makohozi zinamfukuza kibarua wa akiba huku fundi bado hajarudi. Dawa za kupuliza za kukausha pua, kama oksimetazolini, hufungua njia ndani ya dakika, ila zikizidi siku 3 hadi 5 pua huzizoea na kuziba kuliko mwanzo. Antibayotiki hazimgusi kirusi hata kidogo.

Ubaya wa njia hii ni mmoja: mtu anaweza kuita subira kile ambacho ni kuchelewa.

Kwa hali yako

Pua imeziba na makamasi ni mazito, kifua kiko shwari: maji ya chumvi, tangu siku ya kwanza unapoyahisi mafua yakija. Ukiongeza kujifukiza kwa starehe yako, fanya mvuke kwanza na uoshe baadaye, ute ukiwa umelainika.

Koo limekauka, sauti imekwama, unakaa kwenye ofisi ya kiyoyozi kutwa au nchi ya baridi yenye hita: mvuke una maana zaidi kwako kuliko kwa mtu wa pwani.

Kikohozi kimebaki baada ya homa kwisha, bila homa mpya wala kukosa pumzi: hapo silia zinaota. Asali, kukaa mbali na moshi, na pua ioshwe kama unahisi kitu kinachuruzika nyuma ya koo. Kikifika wiki 2, nenda ukapimwe kifua kikuu, hata ukiwa na hakika kilianza kama mafua. Wengi wa wagonjwa wa TB nao walikuwa na hakika hiyo.

Una pumu: osha pua, epuka majani yenye harufu kali, nebulaiza iwe na dawa uliyoandikiwa tu.

Mtoto chini ya mwaka 1: matone ya chumvi na kunyonyeshwa kidogo kidogo mara nyingi. Hakuna mvuke, hakuna asali, hakuna nebulaiza ya kuazima. Mhesabu pumzi akiwa ametulia, kwa dakika nzima ya saa. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni za kumpeleka kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, akishindwa kunyonya, au midomo ikigeuka rangi ya samawati, usingoje hata kumaliza kuhesabu.